Kuchora gari kwa penseli na maka, anza na Probox nyeupe

Kama ndo unaanza, wachana na magari ya mbio kwanza. Nenda pale foleni ya feri Likoni ama Mwembe Tayari hapa Mombasa, tafuta Toyota Probox nyeupe imesimama, simama pembeni kidogo uone mbele na ubavu kwa pamoja. Probox ni boksi juu ya boksi, na nyeupe yake itakufunza kivuli kuliko rangi yoyote, tena hununui maka nyingi, zile kalamu nene za wino, za kijivu tatu zatosha, hafifu, ya kati na nzito, na nyeusi moja.

Penseli chukua HB, shika mbali na ncha, mkono uwe mwepesi. Magurudumu ndo ya kwanza manake ndo kipimo chako. Gari likionekana ubavu mtupu, kati ya tairi la mbele na la nyuma huingia matairi kama matatu hivi, Probox inazidi kidogo. Ukilitazama kwa pembeni gurudumu si duara tena, limebanwa, na hapa ndo wengi gari lao huonekana kama limevunjika ekseli: ule mstari mfupi unaokata duara lililobanwa lazima ulale sawa na ekseli yenyewe. Mistari ya paa, madirisha na chini ya milango yote ielekee pahali pamoja kule mbali. Na jua letu hili mkono hutoka jasho, weka kikaratasi chini ya kiganja usije ukachafua kazi.

Kabla ya maka futa penseli mpaka ibaki kidogo tu, la sivyo ile poda yake itachanganyika na wino na kuchafua ncha. Usipige mistari kwa biki, maka za spiriti huiyeyusha. Karatasi iwe nzito kiasi na chini uweke nyengine, wino hupenya.

Sasa sikiza, bodi ya gari ni kama kioo, kwa hivo usipake rangi ya gari, paka kile gari linachokiona. Tazama mlango ule wa mbele: bega lake chini ya dirisha linaangalia mbingu, hapo acha karatasi tupu kabisa usiguse. Katikati pitisha kijivu hafifu, kule chini mlango unapojikunja kwenda ndani tia cha kati. Kishikio kina kivuli chembamba chini yake, kijistari kimoja tu, lakini ukikisahau mlango unakuwa ukuta. Pitisha maka haraka, upande mmoja, mstari wa pili uguse wa kwanza kabla haujakauka, ukisita wino unafanya doa. Ukitaka kuzidisha giza ngoja ikauke, rudia na maka ileile.

Vioo, matairi na kivuli cha uvunguni vikoleze bila woga, hivo ndo vinaifanya bodi ionekane nyeupe, wengi huogopa nyeusi halafu wanashangaa gari limepooza. Kioo cha mbele lakini usikijaze chote, acha ukanda mweupe ukikatiza kwa mshazari.

Mwisho kalamu nyeupe ya jeli, vitone kwenye taa na ukingo wa boneti, basi. Namba pleti nayo ifuate mwinamo wa bampa, ya mbele nyeupe, ya nyuma njano. Maka zenye ncha mbili zilaze, usizisimamishe, na usiziache juani.