Andika mwaka juu ya shairi
Kabla ya kusoma shairi, andika juu yake mwaka lilipochapishwa, na umri wa mzee wako mwaka huo. Nilijaribu na Song of Lawino ya Okot p'Bitek: 1966, miaka minne tu baada ya uhuru wa Uganda, bibi alikuwa na miaka 18. Ocol, mume wa Lawino anayedharau mila za kabila lao la Waacholi, akageuka kijana wa rika la bibi, na malalamiko ya Lawino nikayasikia kwa sauti ya nyumbani. Lakini mwaka hupotosha: shairi lilitungwa kwanza kwa Kiacholi, lakini toleo la Kiacholi lilitoka 1969, baada ya la Kiingereza. Na nyimbo za mdomo hazina mwaka. Muulize mwimbaji alizipata kwa nani.