Maandiko ya kukuonyesha Bunge linavyotunga sheria: pa kuyapata ukiwa Tanga

Anza na Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, Ibara ya 97. Ni fupi, lakini imebeba njia nzima: Bunge linapitisha muswada, Rais anaukubali, ndipo unakuwa sheria. Rais akiukataa, anaurudisha pamoja na sababu zake, na hauendi tena kwake kabla ya miezi sita kwisha, ila ukiungwa mkono na angalau theluthi mbili ya wabunge wote.

Kisha tafuta Kanuni za Kudumu za Bunge, maana hatua zenyewe zimeandikwa humo: kusomwa mara ya kwanza, kamati, kusomwa mara ya pili, Kamati ya Bunge Zima (wabunge wote wakipitia muswada kifungu kwa kifungu), kusomwa mara ya tatu. Kanuni hubadilishwa, kwa hiyo tazama mwaka kwenye jalada kabla hujanakili chochote.

Vyote viwili vimo kwenye tovuti ya Bunge, bure. Asiye na bando aende Maktaba ya Mkoa, aulizie Katiba na vitabu vya sheria.

Tukiandika "Bunge" na "Seneti" kwenye utafutaji, hasa huku kwetu karibu na mpaka wa Horohoro, tunaletewa mambo ya Kenya. Wao wana mabunge mawili, la Kitaifa na Seneti, sisi tuna moja. Ukurasa unaotaja Seneti uache. Zanzibar nayo ina Baraza la Wawakilishi kwa mambo yasiyo ya Muungano.

Hata hivyo, maelezo matupu hayatoshi. Chukua sheria moja uifuate tangu mwanzo, hapo ndipo mambo yanafunguka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, inafaa sana kwa kazi hii. Kusanya karatasi zake kwa mpangilio huu:

1. Muswada. Anzia mwisho, penye Sababu na Madhumuni; lugha ya hapo ni nyepesi kuliko ya vifungu.
2. Taarifa Rasmi ya Bunge, yaani Hansard, ya siku uliposomwa mara ya pili. Zimepangwa kwa mkutano, kikao na tarehe, na moja inaweza kupita kurasa mia, hivyo ipate tarehe kwanza. Humo mna hotuba ya waziri na maoni ya kamati.
3. Jedwali la marekebisho. Wengi hulipita, kumbe ndilo linaloonyesha kipi kilibadilishwa.
4. Sheria yenyewe iliyosainiwa. Ilinganishe na muswada kifungu kwa kifungu.

Kosa linaloumiza watu ni kunukuu muswada kana kwamba ni sheria. Jingine ni kudhani sheria huanza kutumika siku ilipopitishwa: hiyo ya taarifa binafsi ilipitishwa Novemba 2022, ikaanza kutumika 1 Mei 2023. Sheria ya zamani isome kwenye toleo la urekebu, yaani lililoingizwa marekebisho, maana nakala ya awali haina marekebisho ya baadaye.

Ushuru unaotozwa soko la Mgandini usiutafute kwenye Hansard. Huo hutokana na sheria ndogo, inayopitishwa na Baraza la Madiwani, ikaidhinishwa na waziri na kuchapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Nenda kwa mwanasheria wa Halmashauri ya Jiji, uombe namba ya Tangazo la Serikali na mwaka wake.