Kupima ushikamano wa saruji nyuma ya kesingi kwa mawimbi ya sauti, hasa katika mwamba wa chokaa wa Tanga

Saruji inayosukumwa nyuma ya kesingi, yaani bomba linalowekwa kisimani ili kuzuia kuta zisibomoke, hulishikilia bomba hilo, lakini kazi yake kubwa zaidi ni kuziba uwazi uliopo kati ya chuma na mwamba, ili maji ya chumvi au gesi ya tabaka moja isipande hadi tabaka jingine. Kwa kuwa uwazi huo hauonekani, huchunguzwa kwa kifaa cha sauti kinachoshushwa kisimani kwa kebo. Maelezo haya yanahusu kesingi za chuma peke yake; visima vya maji vilivyowekewa mabomba ya plastiki, ambavyo ni vingi mkoani Tanga, havipimwi kwa utaratibu huu.

Kabla ya kushusha chochote, omba kumbukumbu za siku ya kumwaga saruji: uzito wake, ujazo uliosukumwa, kina ambacho ilitarajiwa kufika, na shinikizo lolote lililowekwa ndani ya kesingi baadaye. Saruji ambayo haijakomaa husomeka kama saruji mbovu, ndiyo maana kwa kawaida husubiriwa saa 24 hadi 72, kutegemea mchanganyiko na joto la chini. Kisima lazima kijae maji au tope la kuchorongea lisilo na gesi, kwa sababu viputo humeza sauti. Hakikisha pia kwamba vishikizo vinavyokiweka kifaa katikati ya bomba ni vizima na vinalingana na kipenyo cha kesingi.

Kifaa cha kawaida hutoa mlio wa takriban kilohezi 20. Kipokezi kilicho umbali wa futi 3 kutoka kwenye chanzo cha mlio hupima kimo (yaani nguvu, kwa milivolti) cha wimbi la kwanza linalopita kwenye chuma, na kile cha futi 5 huchora picha ya mawimbi yote kadiri yanavyowasili. Bomba lisiloshikwa na kitu hulia kwa nguvu, hivyo kimo huwa kikubwa. Likishikwa na saruji, sauti huvuja kuelekea kwenye mwamba na kimo hushuka. Anza juu ya kilele cha saruji, mahali ambapo una hakika bomba liko huru: kwa kesingi ya inchi 7 tarajia karibu milivolti 62, na kwa ile ya inchi 9 na 5/8 karibu milivolti 52. Kwenye picha utaona milia iliyonyooka kama ya mkeka, ikivunjika kwa umbo la herufi W kila penye maungio ya mabomba. Kama usomaji wa hapo haukubaliani na matarajio, simamisha kazi na urekebishe kifaa, kwa maana kila namba itakayofuata chini yake haitakuwa na msingi.

Ukishuka kwenye saruji, soma kimo, picha na muda wa safari wa wimbi (tangu mlio utolewe hadi wimbi la kwanza lifike kwenye kipokezi) kwa pamoja. Kimo kidogo, milia hafifu ya chuma na mawimbi dhahiri ya mwamba humaanisha saruji imeshika pande zote mbili. Kimo kikiwa kidogo lakini mawimbi ya mwamba hayaonekani, inawezekana saruji imeshika chuma bila kushika mwamba, na njia ya maji ikabaki wazi.

Muda wa safari ndio unaopuuzwa zaidi, na kwa Tanga ndio wenye mambo. Sauti hupita kwenye chuma kwa takriban maikrosekunde 57 kwa kila futi, ilhali chokaa iliyobana, isiyo na matundu, huipitisha kwa maikrosekunde zinazokaribia 48. Kisima kinachopenya chokaa ya Jurasiki, ile inayoonekana kwenye mapango ya Amboni, chaweza basi kukutana na sehemu ambazo wimbi la mwamba linafika kabla ya wimbi la chuma. Hapo kimo kinachosomwa ni cha mwamba. Hupanda, na msomaji wa haraka huhukumu kwamba saruji haipo, wakati kuwasili kwa wimbi hilo kwa nguvu ni dalili kwamba saruji imeunganisha chuma na jiwe. Lakini muda wa safari hupungua pia pale kifaa kinapoegemea upande mmoja wa bomba, na katika hali hiyo kimo hushuka na kuifanya saruji mbovu ionekane nzuri. Ili kuzitofautisha hali hizo mbili, linganisha kina hicho na vipimo vilivyochukuliwa kabla ya kesingi kuwekwa: kama hakuna chokaa, kosa ni la vishikizo, na kipimo kirudiwe.

Kimo cha wastani, chenye mawimbi ya chuma na ya mwamba kwa pamoja, chaweza kutokana na ufa mwembamba sana kati ya chuma na saruji, au na mfereji usio na saruji upande mmoja wa bomba. Rudia kipimo huku kesingi ikiwa na shinikizo la takriban paundi 1,000 kwa inchi ya mraba, bila kuvuka uwezo wa bomba. Kesingi hutanuka kidogo. Kimo kikishuka, ni ufa, ambao mara nyingi huzuia maji ingawa gesi yaweza kupita. Kisiposhuka, shuku mfereji, na hapo tumia kifaa cha mawimbi ya masafa ya juu zaidi kinachozunguka na kuchora ramani ya duara lote la bomba.

Katika ripoti, usitoe hukumu kwa namba ya sehemu moja. Kwa kesingi ya inchi 7, wengi hudai takriban futi 10 mfululizo ambazo upungufu wa sauti umefikia angalau asilimia 80 ya ule wa sehemu iliyoshikwa vizuri kuliko zote kisimani. Mimi nisingependekeza bomba litobolewe ili kusukuma saruji ya kurekebisha hadi kipimo kirudiwe chini ya shinikizo na kumbukumbu za kumwaga saruji zionyeshe tatizo kwenye kina hichohicho, kwa kuwa tundu lililotobolewa kwenye chuma kizima huwa lenyewe njia mpya ya kuvuja.