SOMO: Mazoezi kwa wazee, tuanze na kiti

Nilimtembeza baba kila asubuhi kwa miezi mingi. Pumzi ikawa nzuri, lakini kutoka kitini bado alivutwa mkono. Kutembea hujenga moyo na mapafu. Kuinuka ni kazi ya mapaja na makalio, na misuli hiyo husinyaa umri ukisonga.

Hatua ya 1: Pima. Egemeza ukutani kiti kigumu kisicho na magurudumu. Mzee akunje mikono kifuani, asimame na kukaa kwa sekunde 30. Andika idadi. Akijitupa anapokaa, mapaja hayana nguvu.

Hatua ya 2: Nguvu, angalau siku 2 kwa wiki. Kiti kilekile. Ainuke huku akitoa pumzi (akiibana, presha hupanda), kisha akae polepole ukihesabu hadi nne. Huko kushuka taratibu msikuharakishe, kunajenga sana. Mara 8, apumzike, arudie. Ikiwa nyepesi, ashike chupa za maji. Wengi hukwama hapa: zoezi lilelile miezi sita, mwili umeshazoea, nguvu haziongezeki tena.

Hatua ya 3: Kujimudu asianguke, siku 3. Karibu na ukuta, kisigino cha mguu mmoja kiguse vidole vya mwingine, sekunde 10. Akimudu, asimame kwa mguu mmoja. Usimwache peke yake. Taichi, mazoezi ya Kichina ya miondoko ya polepole, nayo hupunguza kuanguka.

Hatua ya 4: Pumzi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki, mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Amalizie kwa kunyoosha viungo. Humsaidia kuinama afunge viatu.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Mama ana miaka 88, si tumechelewa?
– Marahaba. Hamjachelewa hata kidogo. Mwaka 1990 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya wazee dhaifu wa miaka kama 90 walionyanyua uzito kwa wiki 8. Kwa waliomaliza, nguvu za miguu kwa wastani ziliongezeka zaidi ya maradufu.

Baba analalamika magoti.
– Weka mto mgumu kitini asishuke sana. Misuli ikiuma siku moja mbili, ni kawaida. Goti likivimba, punguzeni. Kifua kikibana au akipata kizunguzungu, aache hapohapo, mwende kwa daktari.

Mama hawezi kuinuka bila kushika. Aanzie wapi?
– Ashike. Kiti chenye mikono, ajisukume kwa yote miwili, wiki ijayo kwa mmoja. Hata mara 3 andika.