Jinsi ya Kuokoa Kanda za Bendi Baada ya Mpiga Solo Kufariki

Mpiga gitaa la solo akishazikwa, mashabiki huanza kuitafuta sauti yake. Bendi ya roki iliyokuwa ikipiga hotelini na kwenye kumbi za Malindi huenda haikuwahi kuingia studio hata siku moja. Kilichobaki ni kaseti: za fundi mitambo, za mazoezi, na za shabiki aliyeweka redio yake kando ya jukwaa akabonyeza kitufe chekundu. Nyingi huharibika siku ile ile zinapopatikana, maana hutiwa kwenye redio yoyote iliyo karibu na kupigwa huku simu imeshikwa mbele ya spika. Utepe uliokaa miaka thelathini kwenye hewa ya chumvi huenda ukakubali kupigwa mara moja tu bila kuumia. Mara hiyo moja iwe ya kurekodi.

Kuziomba

Kaseti nzuri mara nyingi ziko nyumbani kwa marehemu, na hapo pana adabu yake. Mjane akiwa yumo edani, ngojeni hiyo miezi minne na siku kumi imalizike. Hata baadaye msimwendee kundi zima. Atumwe mtu mmoja anayejulikana na familia, apitie kwa kaka wa marehemu au mtoto mkubwa, na aseme wazi: "Shikamoo, mama. Pole tena kwa msiba. Tunaomba kuziazima kaseti za baba tuzinakili, kisha tutazirudisha pamoja na nakala yenu." Idadi iandikwe kwenye daftari na pande zote mbili zitie sahihi. Mkiambiwa "kaeni nazo tu, sisi hatuna kazi nazo", azimeni vivyo hivyo. Neno linalosemwa wakati wa msiba hujutiwa mwaka wa pili.

Kuzikagua

Kabla ya jambo lolote, vunjeni vile vijiplastiki viwili vilivyo mgongoni mwa kila kaseti. Vikiondoka, redio haiwezi kurekodi juu ya muziki hata mtu akikosea kitufe. Kisha pigeni picha ya kaseti pande zote mbili na karatasi yake ya ndani, pamoja na kila mwandiko uliopo, hata namba ya simu iliyokwaruzwa pembeni. Mara nyingi mwandiko ndio utakaowaambia mwaka.

Sasa itazameni kaseti kwenye mwanga kupitia kidirisha chake. Vumbi jeupe au madoa kwenye kingo za utepe uliojiviringa ni ukungu, ugonjwa mkubwa wa kanda za pwani. Kaseti ya namna hiyo isiingie kwenye mashine, kwa sababu chembe zake zitabaki kwenye hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma utepe, na kuambukiza kaseti zinazofuata. Itengeni kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, kama vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya, ikae wiki mbili au zaidi. Msiianike juani, maana gamba hupinda na utepe hukunjamana. Ukungu ukishakauka ndipo utepe unapofutwa polepole kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi, nje ya nyumba, mfutaji akiwa amevaa barakoa.

Kazi hii ifanyeni wakati wa kaskazi, Januari au Februari, hewa ikiwa kavu. Masika yakishaingia, mtakachokikausha leo kitakuwa na unyevu kesho.

Angalieni pia kile kijipamba kilichoshikwa na chuma chembamba katikati ya mdomo wa kaseti. Kazi yake ni kuusukuma utepe ugusane na hedi. Gundi yake huzeeka na kijipamba hudondoka. Hapo sauti hufifia na kuyumba, na watu husema kaseti imeisha, kumbe imepoteza kipande kidogo tu. Dawa ni kuhamisha utepe kwenye gamba jingine. Tafuteni kaseti tupu iliyofungwa kwa skrubu tano, si ile iliyogandishwa, ifungueni kwa bisibisi ndogo ikiwa imelala mezani, na mpige picha ya ndani kabla ya kugusa kitu, ili mjue utepe unavyopita kwenye vigurudumu. Kaseti ya zamani iliyogandishwa hupasuliwa kwenye mshono kwa wembe, taratibu.

Utepe uliokatika huungwa kwa gundi-tepu maalumu ya kuungia kanda. Selotepu ya dukani hapana: gundi yake hutambaa, hunatisha mizunguko ya jirani na kuchafua hedi. Kateni ncha zote mbili kwa mshazari, zikutanisheni bila kupandana, na mbandike upande wa ndani. Upande unaotazama nje, kwenye mdomo wa kaseti, ndio wenye muziki.

Someni pia urefu. Iliyoandikwa 60 au 90 ina utepe wa unene wa kutosha. Iliyoandikwa 120 ina utepe mwembamba sana, hivyo msiirudishe nyuma na mbele ovyo. Hizo nyingine zizungusheni mara moja hadi mwisho na kurudi kabla ya kurekodi, ili mizunguko iliyogandamana iachane.

Mashine

Tafuteni deki, yaani mashine ya kupigia kaseti, yenye matundu ya kutolea sauti kwa nyuma, jekundu na jeupe. Ikikosekana, redio kaseti yenye tundu la spika za masikioni itafaa, sauti ikiwa nusu na besi na treble zikiwa katikati. Kama mashine ilikaa miaka bila kuwashwa, mkanda wa mpira ndani yake huwa umelegea au umegeuka lami. Fundi aubadilishe kwanza. Ijaribuni kwa kaseti msiyoijali. Mashine isiyojaribiwa huweza kuutafuna utepe katika sekunde tano za kwanza.

Hedi isafishwe kwa kijiti cha pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kila baada ya kaseti moja au mbili. Spiriti nyingine za kusafishia vidonda huwa zimetiwa mafuta, na mafuta hayo hubaki kwenye hedi, kwa hiyo someni kibandiko. Gurudumu la mpira lisafishwe kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, kisha likauke kabisa.

Linalofuata ndilo linaloleta tofauti kubwa kuliko yote, na wengi hawalijui. Kando ya hedi pana skrubu mbili. Moja, mara nyingi yenye springi chini yake na tone la rangi juu, hubadilisha pembe ya hedi. Kila redio iliyorekodi ilikuwa na pembe yake, na pembe zisipolingana sauti za juu hupotea: matoazi yanakuwa kama yamefunikwa blanketi, na ule mguso wa kucha kwenye waya hausikiki. Unganisheni chaneli mbili ziwe moja, sikilizeni kwa spika za masikioni, na mzungushe skrubu hiyo kidogo kidogo, robo ya robo, mpaka matoazi yang'ae. Fanyeni hivyo kwenye wimbo wa mwisho wa upande, ambao kwa kawaida umechezwa mara chache. Kaseti ya redio nyingine itadai marekebisho mengine. Kitufe cha Dolby, mfumo wa kupunguza mvumo wa utepe, kizimeni, isipokuwa kaseti imeandikwa Dolby.

Kurekodi

Laptopu nyingi za sasa zina tundu la maikrofoni tu, na hilo hupokea chaneli moja. Nunueni kadi ya sauti ya USB yenye maingizo mawili, kushoto na kulia, na mhakikishe kabla ya kulipa, kwa sababu vile vidude vya bei rahisi vingi ni vya maikrofoni. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Wekeni biti 24 na kilohezi 48, faili ya WAV. Dakika moja itachukua takriban megabaiti 17, kwa hiyo kaseti ya dakika 90 inahitaji gigabaiti moja na nusu hivi. Kiwango cha sauti kisipande zaidi ya desibeli -6 pale mpiga ngoma anapopiga kwa nguvu zote. Sauti ya chini huongezwa baadaye, iliyopasuka haitengenezeki.

Chomoeni chaja na mrekodi kwa betri, kwa sababu mvumo wa umeme huingilia hapo. Anzeni kurekodi kabla utepe haujaanza kwenda na mwache uende mpaka ukomee wenyewe, bila kukata vicheko, kurekebisha nyuzi, wala mtangazaji anayetaja ukumbi. Jina la faili liwe namba ya kaseti, upande na tarehe kama inajulikana, kwa mfano K07_A.

Faili hiyo ya kwanza isiguswe tena. Tengenezeni nakala, na huko ndiko mtakakosafisha. Katika kusafisha shikeni mkono: kichujio cha kuondoa kelele kikizidishwa, mkia wa noti ya gitaa hukatika na mlio mchafu wa roki, ule wa makusudi, hugeuka mbu. Heri mvumo kidogo kuliko gitaa lisilo na pumzi.

Kurekebisha kasi

Redio nyingi ziliendeshwa kwa betri zilizochoka. Betri ikichoka wakati wa kurekodi, utepe hupita polepole, na ukipigwa leo kwenye mashine nzima muziki hukimbia na kupanda. Msikisie kwa sikio peke yake. Umeme wa Kenya huvuma kwa hezi 50, yaani mara 50 kwa sekunde, na mvumo huo huingia kwenye ampu ya gitaa na kwenye rekodi. Chagueni mahali ambapo bendi imenyamaza lakini ampu inavuma, mchore spektra katika Audacity, ile grafu inayoonyesha nguvu ya sauti kwenye kila hezi, na mtafute kilele karibu na 50 na vizidisho vyake, 100 na 150. Kikisimama kwenye 156 badala ya 150, kasi imezidi kwa asilimia 4. Gawanyeni 150 kwa 156, mpate 0.96, na hiyo ndiyo kasi ya kurudia. Pimeni kwenye 150 kwa kuwa kosa dogo huonekana vizuri zaidi huko. Hakikisheni mvumo si wa deki yenu: simamisheni kaseti na msikilize kama unaendelea. Na ikiwa shoo ilipigwa kwa jenereta, msiutegemee kabisa, maana jenereta haishiki hezi zake.

Hapo ndipo vijana wanaotaka kujifunza solo za marehemu wanapoweza kushika gitaa. Kasi isiporekebishwa watahangaika kutafuta noti zisizokuwepo shingoni. Punguzeni mwendo hadi asilimia 70 bila kushusha sauti, na sikilizeni ni noti zipi zinaendelea kulia baada ya kidole kuondoka: hizo ni nyuzi wazi, nazo zitaonyesha mkono ulikuwa wapi.

Gitaa lenyewe, kama familia itakubali lionekane, lipigwe picha na lipimwe kabla ya kubadilisha nyuzi: unene wa kila waya kwa maikromita, na urefu kutoka waya hadi freti ya 12. Lisipigwe polishi. Ampu yake ya zamani ya vali isichomekwe ukutani. Kapasita zake huenda zimekufa, na zile nzima huweza kushika umeme wa kuua hata ikiwa imezimwa. Mpelekeeni fundi.

Majina na haki

Waiteni wanabendi waliobaki na muwasikilizishe vipande vya nusu dakika, mmoja mmoja, kila mtu peke yake. Wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa huwapoteza wengine. Andikeni nani kasema nini na ana hakika kiasi gani. Wakipingana, yaandikwe yote mawili.

Kabla ya kupandisha chochote mtandaoni ombeni ruhusa. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, rekodi hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na utunzi hulindwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Warithi wa marehemu wana usemi, na vilevile wenye nyimbo za kigeni ambazo bendi ilikuwa ikizipiga hotelini.

Usiku wa kumbukumbu

Hitima au matanga ni ya familia. Msiyachanganye na shoo. Tafuteni tarehe nje ya Ramadhani, ombeni kibali cha kelele ofisi ya kaunti, na muanze baada ya Isha. Rekodi iliyotengenezwa ipigwe kabla ya bendi kupanda, wala si baada yake, kwa sababu baada ya ngoma na ampu za jukwaani masikio huiona kaseti ni dhaifu. Fundi mitambo apunguze kidogo sauti zilizo chini ya hezi 80, ambako mvumo na mtikisiko wa mashine hukusanyika, na asiguse kitu kati ya kilohezi 2 na 4, mahali solo linapokaa.

Nakala ziwe tatu: moja kwa familia, moja kwa mtu anayekaa mji mwingine kama Mombasa au Nairobi, moja mtandaoni. Diski ya Malindi ikae ndani ya kopo lenye silika, na ifunguliwe kila miezi sita kuhakikisha faili zinasomeka. Kaseti zirudi kwa mama siku ile ile anayopokea nakala yake, zikihesabiwa mbele yake kwa daftari lile lile lenye sahihi.