Somo: Jani la mwembe la bronzi juu ya jiwe la kijani la malakiti

Yambo mafundi wa Lubumbashi. Tutafunika jani na nta kwa plasta, tuviondoe kwa moto, kisha bronzi ijaze nafasi yao. Chuma jani lililokomaa. Changa hulegea likiguswa na nta ya moto.

1. Paka nta upande wa juu, tabaka juu ya tabaka, hadi mm 3. Ikiwa chini ya mm 2, bronzi huganda kabla ya kufika nchani. Upande wa chini, wenye mishipa iliyotokeza, uache wazi.

2. Bandika mfereji wa nta wa mm 8 kwenye kikonyo (ndiyo njia ya kumiminia bronzi), na njia mbili za hewa kutoka nchani hadi juu. Pima uzito wa vyote. Nta g 60 inadai bronzi kama g 600. Yeyusha g 700: shaba g 630, bati g 70 (bati ya madini kama ya Manono, si mabati ya paa).

3. Funika kwa plasta na mchanga laini, nusu kwa nusu. Siku mbili zikauke.

4. Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Kalibu (lile ganda la plasta) ikae mdomo chini, ipashwe polepole mpaka nta idondoke, kisha ifike nyuzi 600–650 na ikae hapo saa 4 au zaidi, jani liwe majivu. Ukivuka 700, plasta hupasuka. Majivu yapulize kwa pampu ya baiskeli. Unyevu uliobaki hugeuka mvuke na kurusha bronzi usoni mwako. Wakati wa mvua, kalibu hunyonya maji usiku mmoja tu, basi mimina siku ileile.

5. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1085. Ifunike kwa makala (makaa). Bati iingie mwisho, maana huungua upesi. Koroga kwa fimbo kavu iliyopashwa, mimina kwenye 1100 hivi bila kusita. Simama juu ya mchanga mkavu; sementi hulipuka ikimwagikiwa.

6. Toboa malakiti huku maji yakitiririka, unganisha jani kwa pini ya mm 6 na gundi ya epoksi. Vumbi la malakiti ni sumu.

MASWALI

— Mwalimu, ncha ya jani langu haikutokea.
— Kalibu ilikuwa imepoa, au njia ya hewa iliziba. Mimina kalibu ingali moto.

— Matundu madogo mwili mzima, fundi?
— Hewa. Shaba ilikaa motoni muda mrefu bila makala juu yake.

— Naweza kupaka asidi ya kubadili rangi ya bronzi baada ya kuunganisha?
— Hapana, ndugu. Malakiti hutoa povu na kuliwa na asidi, hata siki. Rangi kwanza, osha, kausha, ndipo uunganishe.