Soma upya miswada yako kabla mwaka haujaisha
Mwigizaji wa ridhaa anayetaka kuupima mwaka wake na aitoe miswada ya michezo aliyoigiza, aisome kwa sauti tangu ukurasa wa kwanza, pamoja na maneno ya wahusika wengine, ambayo wengi wetu huyapitia juujuu. Nilipofanya hivyo juzi, niliona kwamba alama zangu zote za penseli zilikuwa chini ya maneno yangu mwenyewe, wala hapakuwa na hata moja mahali nilipopaswa kusikiliza. Ndiyo maana majibu yangu jukwaani yalitoka upesi mno. Konstantin Stanislavski, mwigizaji na mwongozaji mashuhuri wa Urusi, alianza kuweka daftari la maigizo yake mwaka 1877, akiwa na umri wa miaka 14. Nawe andika, kwa kila onyesho, sentensi moja uliyoitamka vizuri na moja iliyokuponyoka.